Kidole Chini ya Neno

Kwa miaka thelathini na saba mji mzima ulimwita Mwalimu Kidole, naye aliitika. Wapo waliodhani aliitwa hivyo kwa ukali, kwamba alikuwa mtu wa kuwanyooshea wenzake kidole. Hao hawakupita darasani kwake. Waliopita wanajua kuwa jambo la kwanza alilomfundisha mtoto wa darasa la kwanza, kabla hata ya a na e, lilikuwa kuweka kidole chini ya neno na kukisogeza polepole, macho yafuate kidole na mdomo ufuate macho. Ukienda zahanati ukaona mtu mwenye mvi amesimama mbele ya tangazo, kidole kinatembea ukutani, usimuulize amesoma wapi.

Alizaliwa mtaa wa pili kutoka shuleni, akasoma shule hiyohiyo, akaenda chuo cha ualimu miaka miwili, akarudi. Mkuu wa shule wa wakati ule alimkabidhi darasa la kwanza, watoto sabini na wanne, kipande cha chaki na vitabu vitatu. Kitabu kilikuwa na kurasa ishirini na nne. Ukurasa wa tisa paka alilala juu ya kiti. Ukurasa wa kumi na nne mvua ilinyesha na mama akaanua nguo. Ukivigawa vitabu vitatu kwa watoto sabini na wanne, hakuna anayesoma, wote wanagombana, na jioni unabaki na vitabu viwili na majalada.

Basi akabuni njia yake. Kila asubuhi aliandika ukurasa mzima ubaoni kwa herufi kubwa, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, na darasa zima likaimba naye. Paka. Amelala. Juu. Ya. Kiti. Wakiwa wameketi chini, kila mtoto na kidole chake hewani. Kufikia mwezi wa tano walikuwa wamemaliza kitabu, na sauti zao zilisikika hadi kwa muuza mkaa ng'ambo ya barabara. Mkaguzi alipopita akasimama mlangoni, kofia mkononi. "Hawa wanasoma kama maji," alisema. Mwalimu alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, na sifa ile ilimwingia kichwani, tusifichane.

Mwezi uliofuata mkaguzi alirudi na boksi la vitabu, kila mtoto chake, na pamoja naye alikuja afisa elimu wa wilaya mwenyewe. Afisa alikaa kwenye kiti cha mwalimu. Akaomba mtoto mmoja asimame asome ukurasa wa tisa. Akasimama mtoto mmoja mwembamba, masikio yametoka nje kama vipini vya sufuria, ambaye wenzake walimwita Masikio. Mwalimu alisimama nyuma ya bega lake. Mtoto akafungua kitabu, akaweka kidole, akasoma bila kukwama hata mahali pamoja: paka amelala juu ya kiti, amka paka, kiti ni cha babu. Kidole kilitembea vizuri kabisa, neno kwa neno. Kilitembea chini ya mvua inayonyesha na mama anayeanua nguo. Kitabu kilikuwa wazi ukurasa wa kumi na nne.

Mwalimu, nyuma ya bega, aliuona. Afisa alikuwa mbele na aliona jalada tu. Darasani humo mtu mmoja peke yake alijua.

Hapa lazima nimtetee kidogo, maana yeye mwenyewe hakujitetea kamwe. Muhula ule ofisi ya wilaya ilikuwa imetoa orodha ya uhamisho, na jina lake lilikuwemo: shule ya mpakani, mwendo wa siku mbili. Nyumbani mama yake alikuwa amepigwa kiharusi, amelala chumba cha nyuma, anageuzwa kama mtoto mchanga, na wa kumgeuza mwingine alikuwa mdogo wake wa miaka kumi na mitano. Afisa akatabasamu, akamgeukia mkaguzi. "Mwalimu kama huyu unamhamishaje?"

Mwalimu akaweka mkono begani kwa yule mtoto. "Vizuri sana," alimwambia. "Kaa chini."

Jioni ile alijaza fomu ya wilaya. Ilikuwa na safu mbili, Anasoma na Hasomi. Akapiga alama sabini na nne kwenye safu ya kwanza. Alijiambia kuwa muhula ujao angeanza upya, herufi moja moja, mtoto mmoja mmoja, hata kama ingemchukua mwaka.

Muhula ujao ulikuja na gari la wilaya. Alibebwa mbele, karibu na dereva, akapelekwa kuwaonyesha walimu wa shule nyingine Mbinu ya Kidole, maana ndivyo ilivyopewa jina kwenye waraka. Miaka miwili baadaye shule zote kumi na tisa za wilaya zilikuwa zinaimba. Alipewa vyeti, akapewa saa ya ukutani iliyokwenda mbele dakika kumi maisha yake yote. Mama yake alifariki mwaka wa nne, na sababu ya kunyamaza ikazikwa naye, lakini kunyamaza kwenyewe kulibaki. Ungemwambia nani, wakati wilaya nzima inaimba?

Wapo waliojua kusoma kweli. Mtoto mwenye kaka au dada wa kumwonyesha herufi nyumbani alijifunza, na mwenye kichwa chepesi alijifunza hata kwa kuimba. Hao ndio waliorudi kumsalimia wakiwa wauguzi, makarani na madereva wa malori, na kila salamu ilimpa nguvu ya kujitia hamnazo mwaka mwingine. Wale wengine hawakurudi. Mtu asiyejua kusoma hamfuati mwalimu wake kumshukuru.

Na Masikio? Masikio alitajirika. Alianza kwa kuuza misumari kwenye karai, mwisho akawa na duka la vifaa vya ujenzi, saruji imepangwa hadi dari, bati, rangi, nondo, na baadaye wazazi wakamchagua mwenyekiti wa kamati ya shule. Mwalimu alipoyasikia hayo alipumua. Mtu mwenye duka kama lile atakuwa alijifunzia mbele ya safari. Alilishika wazo hilo kwa mikono miwili na hakutaka kulichunguza.

Basi miaka ikapita, ikabaki miezi minane astaafu.

Siku hiyo mdogo wake, yule wa kumi na mitano ambaye sasa alikuwa bibi na fundi cherehani, alikuwa na homa. Walikuwa bado wanaishi nyumba ileile ya mama yao, wawili hao na mjukuu wa fundi, msichana wa darasa la nne. Fundi alimwita mjukuu wake amsomee maelezo ya chupa ya dawa. Mtoto akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Kisha akainua macho akamtazama bibi yake usoni.

"Kimoja?" mtoto akasema.

Bibi hakutikisa kichwa wala nini.

"Viwili," mtoto akasema. "Vijiko viwili, bibi."

Mwalimu alikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Chupa ilisema kijiko kimoja. Aliweka ndoo chini. "Unasoma chupa au unasoma uso wa bibi yako?" aliuliza, na mtoto akaanza kulia.

"Mwache mtoto, dada," fundi akasema kutoka kitandani. "Wewe umefundisha mji mzima, hiki kimoja kikikushinda si aibu."

Aliyasema kwa utani. Mwalimu alitoka nje akakaa kwenye ngazi ya jikoni, na kwa mara ya kwanza tangu amzike mama yake alilia mchana kweupe.

Wiki iliyofuata aliandika hadithi ya mistari minane kuhusu mbuzi aliyekula kofia ya polisi. Hakuna kitabu chenye hadithi hiyo. Akaliomba darasa la nne kwa siku tatu, akawaita watoto mmoja mmoja kwenye stoo ya madawati mabovu, akawapa karatasi. Walikuwa sitini na mmoja. Ishirini na watatu walisoma na kucheka, maana mbuzi yule alikuwa anachekesha. Thelathini na wanane hawakucheka. Wengine walinyamaza, wengine walimtazama usoni, na tisa walimsomea kwa kujiamini kabisa, kidole kikitembea chini ya mbuzi, habari za paka aliyelala juu ya kiti.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Alipiga moyo konde akaandika barua. Ilikuwa ukurasa mmoja wa karatasi ya mistari, mwandiko wake ule wa ubaoni. Aliandika kwamba mbinu yake haifundishi kusoma bali kukariri, kwamba alilijua hilo tangu mwaka wa kwanza, kwamba kati ya watoto sitini na mmoja thelathini na wanane hawajui, na kwamba anaiomba wilaya ifute Mbinu ya Kidole katika shule zote kumi na tisa na iwapime watoto upya kabla hajaondoka, ili naye afanye kazi hiyo kwa miezi iliyobaki. Alitia sahihi. Hilo ndilo jambo pekee alilolitaka kutoka kwa utumishi wake, na alijua akilikosa hatalipata tena.

Mkuu wa shule, kijana mpole mwenye tai fupi, aliisoma mara mbili na kuirudisha mezani kama kitu cha moto. "Mwalimu, hii itatumaliza wote."

"Watoto wameshamalizika, mwanangu."

Kijana alikuna shingo. Mwisho aliandika pembeni "Imepitia kwangu" bila kusema anakubali au anakataa. "Sasa ipite kwa mwenyekiti wa kamati. Bila muhuri wake wilaya hawaifungui. Na mimi, japo siku yenyewe iko mbali, nimeshampelekea risala ya kukuaga aipitie. Nimeiandika kwa mkono, mashine haina wino tangu mwezi jana."

Alikwenda dukani kwa miguu yake. Masikio alikuwa nyuma ya kaunta, karani wake anaandika stakabadhi.

"Shikamoo, Mwalimu! Karani, mletee Mwalimu wangu kiti."

"Marahaba, Mwenyekiti."

"Ah, uenyekiti ni huko nje. Hapa mimi ni Masikio wako."

Alipokea barua, akaitandaza juu ya kaunta, akaifuta vumbi la saruji. Akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza. Mwalimu alisimama mbele yake kama mtoto anayesubiri kuitwa. Kidole kilishuka mstari baada ya mstari bila haraka hadi kwenye sahihi.

"Nimeisoma yote," Masikio akasema.

"Unasemaje?"

Alimtazama Mwalimu usoni kwa muda. "Maneno haya yametoka moyoni."

"Huoni kama ni makali?"

"Makali kidogo," alikubali polepole. "Lakini ya kweli. Na ukweli lazima usemwe, Mwalimu, hata kama unauma."

Akafungua droo, akapiga muhuri kwa nguvu hadi misumari ikaruka kwenye kopo. Akasema ataituma wilayani kesho yake na gari lake la saruji. Mwalimu alirudi nyumbani mwepesi, akamtania mdogo wake kuhusu gauni alilokosea mikono, na usiku alilala usingizi wa pono. Miaka thelathini na saba, halafu mtu anakwambia ukweli lazima usemwe, na mtu huyo ni yule uliyemdhulumu kwanza! Alimpenda kama mwanawe siku ile.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Mkuu wa shule alimwita ofisini na kumsomea mwenyewe. "Tumeipokea karatasi yenu kwa furaha kubwa. Yote yaliyoandikwa humo tunayaunga mkono kikamilifu, na uamuzi wa wilaya utatangazwa rasmi siku ya kumuaga Mwalimu."

"Kwa furaha?" Mwalimu aliuliza.

"Ndivyo walivyoandika. Hata mimi sikutegemea." Kijana alionekana kama mtu aliyetua mzigo. "Nilikuwa nawaogopa bure."

Mwalimu hakusubiri. Alilichukua darasa lake la mwisho, akaacha kuimba, akaanza na herufi moja moja. Katika miezi ile aliwapata kumi na mmoja. Aliwajua kwa jina na kwa siku, nani alisoma neno lake la kwanza lini. Kumi na mmoja, kwa miezi, na wilaya ina maelfu. Lakini uamuzi ulikuwa unakuja, na wengine wangeendelea alipoachia.

Siku ya kuagwa waliweka turubai uwanjani na viti vya kukodi. Fundi alimshonea dada yake gauni la kijani, akakaa nyuma kabisa karibu na spika iliyokuwa inakoroma. Mwalimu aliketishwa mbele, mkono wa kulia wa afisa elimu, mama mmoja mchangamfu aliyekuwa hajazaliwa fomu ile ya safu mbili ilipojazwa. Mkuu wa shule akamkaribisha mwenyekiti asome risala.

Masikio alisimama kando ya kiti cha Mwalimu katika koti jipya. Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akaweka kidole.

"Mwalimu wetu mpendwa," alianza, na sauti yake ilikuwa nzuri, haikukwama mahali. "Leo wilaya nzima inasimama kukushukuru. Hakuna mtoto aliyepita mikononi mwako akatoka bila kujua kusoma."

Watu wakapiga makofi. Mwalimu aliinua macho amtazame, na macho yake yakaangukia kwenye karatasi. Aliujua mwandiko ule. Ulikuwa mwandiko wa ubaoni. Kidole cha Masikio kilikuwa kinatembea vizuri, neno kwa neno, chini ya maneno kati ya watoto sitini na mmoja thelathini na wanane hawajui.

Haikumchukua muda kuelewa. Karatasi mbili za mistari zilipita mikononi mwa Masikio wiki ileile, zote kwa mkono, zote akazigonga muhuri. Moja ilikuwa ya kwenda wilayani, nyingine ya kubaki kwake. Nyumbani alikuwa na binti mwenye kusoma, na huyo ndiye aliyemsomea baba yake risala hadi akaishika yote, kwa masikio yaleyale. Kisha mwenye duka akazitazama karatasi mbili zinazofanana, akampa dereva wa saruji moja, na ikawa ile ya risala.

Afisa elimu alisimama. "Mwenyekiti alituletea risala hii mapema, nasi tumeisoma ofisini hadi tukatokwa na machozi," alisema. "Kwa hiyo wilaya imeamua. Mbinu ya Kidole haitaishia darasa la kwanza. Kuanzia mwaka ujao itatumika hadi darasa la tatu, katika shule zote kumi na tisa."

Makofi yalikuwa makubwa. Kisha wakampa Mwalimu kipaza sauti aseme neno.

Alisimama nacho. Mbele yake, mstari wa kwanza, alikaa mke wa Masikio na watoto wake wanne, wamevaa nguo za sikukuu. Masikio mwenyewe alikuwa anatabasamu kwa fahari. Ili barua ile ifike wilayani, ilimbidi Mwalimu kwanza aeleze mbele ya watu kwa nini haikufika. Alifungua mdomo. Alimwona yule mtoto mwembamba amesimama, afisa kwenye kiti, mama chumba cha nyuma, na akaona kwamba aliyelikoroga ni yeye, lakini wa kulinywa hadharani angekuwa mwingine.

"Asanteni," alisema, akakaa.

Watu waliona macho yake yamelowa, wakadhani ni machozi ya furaha. Masikio akainama, akamwekea karatasi mapajani aitunze iwe kumbukumbu. "Nimesoma vizuri, Mwalimu?" alimnong'oneza. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na aliuliza kwa dhati.

"Vizuri sana," Mwalimu akasema. "Kaa chini."

Nyumbani fundi alivua viatu, akakaa kwenye cherehani, akaanza kutunga uzi kwenye sindano, jicho moja limefumbwa. "Spika yao ile ni takataka," alisema. "Sikusikia hata neno moja la risala yako. Si hiyo karatasi uliyoshika? Hebu nisomee, dada, nami nijue walikusifu nini."

Mwalimu alikaa karibu na dirisha. Mjukuu wa fundi akaja akaegemea goti lake ili naye asikie. Mwalimu akaikunjua karatasi, akaiweka sawasawa, akaweka kidole chini ya neno la kwanza la barua yake.

"Mwalimu wetu mpendwa," alisoma, akisogeza kidole polepole, na mtoto akakifuata kwa macho. "Leo wilaya nzima inasimama kukushukuru."